Hita ya kopo ndani ya tenti: mashimo mangapi yanatosha?

SWALI: Likizo ya Aprili tunapeleka watoto wetu watatu kempu Hell's Gate, na najua mvua itatupata. Huwa tunawapa kazi ya mikono, safari hii tumeona video ya hita ya kopo: kopo la maziwa ya unga, mashimo pembeni, makaa ndani. Tutoboe mashimo mangapi ndio tuweze kulala nayo kwa tenti? – Mama wa Watatu, Thika

JIBU: Dada, hata ukitoboa mia. Makaa hayaingii kwa tenti.

Nafundisha huduma ya kwanza na nimelala nje na familia nyingi, na mvua ikianza tu hili swali halikosi. Kinachoniuma ni ile kuambiana "ngoja makaa yawe mekundu, moshi uishe, hapo hakuna shida". Moshi ndio angalau ungekuamsha, ukohoe, macho yawashe, utoke! Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya makaa, haina rangi wala harufu, na makaa yanaendelea kuitoa hata yakiwa mekundu safi, mpaka yawe majivu baridi. Ikifika kwa damu inashikana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na watoto kwa vile wanapumua haraka ndio wanaanza kulegea.

Wengine watakwambia weka sufuria ya maji juu inyonye sumu. Hainyonyi. Ama acha zipu wazi kidogo, sasa saa nane usiku mvua ikianza kumwagikia mtoto ni nani hataifunga? Halafu kuna wa maziwa, mtu amezirai wanamlazimisha anywe maziwa, anapaliwa bure na gesi iko kwa damu, si tumboni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo inachukua kama saa nne au tano kutoka, kwa oksijeni safi kama saa moja, ndio maana ni hospitali. Na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kisikudanganye, kinaweza kusoma 98, kama mtu mzima wa afya, na mtu anakufa.

Kopo lenyewe msilitupe. Jazeni mchanga uliolowa ukashindiliwa, ndio lisibonyee mkipiga msumari, watoto watoboe nyota, kisha mmwage mchanga muweke tochi ndani. Na joto, chukueni sweta kuukuu mkate mikono, kila mtoto ashone upande mmoja, hiyo ni soksi ya chupa. Maji ya moto, si ya kuchemka, kwa chupa ngumu iliyofungwa vizuri, inaingia kwa blanketi dakika kumi kabla ya kulala. Baridi nyingi inatoka chini, kwa hivyo matresi ya povu ama hata maboksi chini ya mkeka yanashinda blanketi la tatu juu. Uji mzito, soksi kavu, kofia. Jiko libaki nje chini ya turubai, na hata likiwa limezimwa lisilale mlangoni pa tenti. Korongoni huko Hell's Gate nako msishuke kabisa, hata kwenu kukiwa na jua, maji yanatoka mvua ya mbali, Septemba 2019 yalibeba watu saba.

Na sisemi ya tenti pekee. Ikifika Julai kule Limuru na Kinangop watu wanalala na jiko chumbani, dirisha limezibwa na nguo. Mkiamka wawili watatu vichwa vinauma, mnatapika, miguu haina nguvu na jiko liko hapo, msikae kutafuta ni chakula gani mlikula. Tokeni nje na watoto kwanza, muende hospitali na useme mlilala na jiko, sema kabla hujaulizwa, kwa sababu usiposema unaweza kupimwa malaria, upewe panado, urudishwe nyumbani, na usiku ni jiko lile lile.