Mwalimu, ifute hiyo ratiba ya Mida, utazame maji kwanza

Umeandika unawapeleka wanafunzi kumi na wanne kutazama ndege Mida, ule mkono wa bahari (hori) karibu na Watamu, pwani ya Kenya: kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutembea hadi saa tano, halafu Watamu kula samaki. Na Jumamosi yenyewe ni siku moja baada ya mwezi mpevu! Nimesoma uzi wako nikahisi tope linanipanda magotini upya.

Eti dereva kakwambia ndege ni wa asubuhi. Ndege wa msituni, sawa. Wapeleke watoto msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri, huko dereva wako ni profesa. Lakini kitwitwi, sululu na wenzao wa horini hawana habari na asubuhi. Wao saa yao ni maji. Yakipwa wanatawanyika kula, yakianza kujaa wanasukumwa kurudi ufukweni, ulipo wewe.

Mimi nilidanganywa na mtu mwenye kofia nzuri. Sitamtaja, ila kofia ilikuwa nzuri kweli, na daftari kifuani, na majina ya Kilatini yakimtoka kama dua. Tulikuwa sita, kila mtu katoa elfu tatu na mia tano, Oktoba mwaka juzi. Nikamwuliza, je, maji? Akanijibu, “Usijali, maji huwa yapo.” Jibu hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Mtu anakula pesa zako na bado hajasema uongo!

Tulifika saa moja. Maji yalikuwa yanatoka mbio. Kufikia saa tatu Mida yote ilikuwa uwanja wa tope, na ndege walikuwepo, naam, mamia, lakini kule mbali kabisa, nukta nukta, kama mtu amemwaga pilipili manga kwenye meza. Jua nalo usoni, kwa sababu ukiwa upande wa barabara ya Malindi unatazama mashariki. Mwenye kofia anasema “yule wa tatu kutoka kushoto”, sisi tunaitikia kama tunaona.

Hapo ndipo akili ikanitoka. Nilikuwa nimemjia ndege mmoja tu, yule mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama wa kuazima. Huyu huzaliana pwani za Oman na Ghuba, anachimba shimo mchangani kama panya na kutaga yai moja, halafu anashuka kwetu. Jahazi za zamani zilingoja upepo wa kaskazi, yeye hangoji mtu, Oktoba keshafika. Nikamwona, au nikajiaminisha. Nikavua viatu nikamfuata.

Tope la Mida linakukaribisha vizuri sana. Hatua ishirini za kwanza unajiona hodari. Halafu likanifika magotini, halafu mapajani, nikakata unyayo kwa gamba la chaza, nikayumba, na darubini ya shemeji yangu ikazama pamoja na mkono ulioishika. Darubini ya elfu kumi na nane. Mpaka leo nikienda kwake chai napewa kwa kikombe cha plastiki.

Na maji hayakurudi kwa mawimbi, kwamba utayaona yanakuja. Yaliingia kimya kwa vijito vya nyuma yangu. Nilipogeuka, njia niliyojia ilikuwa imeshakuwa mto mdogo. Mwenye kofia? Juu ya daraja la mbao, ananipungia mkono. Nadhani alidhani nafurahi.

Aliyenitoa ni mzee mmoja aliyekuwa na mtumbwi. Akanipandisha, akanitazama kuanzia juu hadi kwenye tope, akauliza, “Mwanangu, leo mwezi ngapi?”

“Wa kumi, mzee.”

Alicheka mpaka upondo ukamponyoka. “Ungekuwa wa kumi ungekuwa na nguo safi. Leo mwezi kumi na sita. Bamvua, maji makubwa.”

Na kilichoniuma hasa si mguu. Saa nane, gari lishapigwa stati, mwenye kofia kashadai ziara imekwisha, maji yakawa yanapanda na ndege wakaanza kuja. Makundi kwa makundi, wakatua pale pale tulipokuwa tumesimama asubuhi, wala kaa wakiwemo, karibu kiasi cha kuwaona bila kitu. Nikawaona kwa dirisha la nyuma la matatu. Kama dakika mbili.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya gari, kabla ya barua za wazazi, shika jedwali la maji la bandari ya Mombasa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukauka saa nne au tano. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, na ndani ya hori huchelewa kidogo kuliko baharini. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na mambo yamegeuka: yanajaa saa nne au tano asubuhi. Wewe uwe umesimama pale muda wa saa tatu kabla hayajajaa. Ukingoja yajae pomoni, ndege wameshahamia pa kupumzikia, utawahesabia watoto mikoko.

Jumamosi yako basi iwe hivi: Sokoke asubuhi, chakula, Mida saa saba na nusu mchana, jua likielekea mgongoni. Na asishuke mtoto topeni, hata akikuapia amemwona heroe.

Darubini uliyouliza, 8x42 (inakuza mara nane, kioo cha mbele milimita 42), watoto wawili wawili watagawana. Usiazime kwa shemeji.

Kama tarehe bado mnaweza kuisogeza, niandikie mwezi utakuwa wa ngapi siku hiyo. Usiniambie Oktoba.