Ndege Mgeni wa Hombolo

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Januari niliona kando ya Bwawa la Hombolo ndege mwembamba mwenye miguu ya manjano, na mwenzangu akasisitiza kuwa ametokea Amerika ya Kaskazini. Nitathibitishaje? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana, kwani upepo mkali huwapotosha ndege wahamao, hata hivyo, rangi ya miguu peke yake haitoshi, maana hata miongoni mwa wale wanaotujia kila mwaka kutoka Ulaya na Asia wamo wenye miguu inayoelekea manjano, na tope likikaukia hapo huficha rangi kabisa. Mtazame anaporuka. Weupe wa manyoya yake ukipanda mgongoni kama kabari, si yule wa Amerika. Ukiishia juu ya mkia kama kiraka cha mraba, dai linabaki hai, nawe usubiri atue uone kama ncha za mbawa zilizokunjwa zinapita mkia; zikipita, dai linazidi kupata nguvu.

Nakusihi uandike ulichokiona palepale, kabla hujafungua kitabu chochote, kwa sababu picha ya kitabuni huingia kwenye kumbukumbu upesi mno. Picha zako, hata zenye ukungu, usizifute wala kuzirekebisha.