Skana ya Benzi W211: anza na breki, bei baadaye

Mkuu, umeuliza kama kale kaskana ka Bluetooth ka kusoma hitilafu za gari, ELM327, kanatosha kwa Mercedes E320 yako ya 2004 (umbo la W211) iliyotoka Japani, au ununue mashine ya maana. Nina W211 ya rika hilohilo. Hakatoshi, na sababu kubwa ni breki.

W211 za kuanzia 2002 hadi maboresho ya 2006 zina SBC, breki zinazopata presha kwa pampu ya umeme. Ukibonyeza rimoti au ukifungua mlango tu, mfumo unaamka na kujaza presha. Fundi akiwa ametoa pedi na vidole viko kwenye kaliperi, pistoni zinaweza kutoka kwa nguvu ya kumvunja. Ndiyo maana SBC huzimwa kwa skana kabla ya kugusa pedi, kisha huwashwa kazi ikiisha. ELM327 haifanyi hivyo. Yenyewe huongea na injini. SBC, giaboksi, eabagi na Airmatic (suspensheni ya hewa) haiingii.

Suala la giaboksi nimelipitia mwenyewe. Gari lilikuwa linang'ang'ania gia ya pili. ELM haikuonyesha kitu, na fundi akaanza kutaja bei ya giaboksi ya mtumba. Tulipochomeka skana inayoingia kwenye kompyuta ya giaboksi, ikasoma hitilafu ya sensa ya mzunguko. Kwenye giaboksi hii ya gia tano, 722.6, sensa hizo ziko ndani, kwenye bamba la umeme. Tukashusha sampu (karai la oili la giaboksi), tukabadilisha bamba, filta na oili, gari likarudi kubadilisha gia vizuri. Ukiwa humo ndani, badilisha na plagi ya waya: ikivuja, oili hupanda kwenye waya hadi kwenye kompyuta.

Sasa kununua. Usivutwe na idadi ya magari yaliyoandikwa kwenye boksi. Skana ya chapa moja, mfano iCarsoft ya Mercedes au Foxwell NT510 yenye programu ya Mercedes, inamfaa mwenye gari moja. Skana kubwa za Launch na Autel, zinazosoma chapa nyingi, ni za gereji. Star Diagnosis, mashine ya Mercedes wenyewe, ndiyo inayofika kila kona, hadi kuprogramu kompyuta mpya, ila kwa mtu binafsi naiona ni mzigo, na kopi zake mtaani ni nyingi. Kazi hiyo ikija, mlipe mwenye nayo.

Nenda dukani na gari. Mwambie muuzaji afungue menyu ya 211 akuonyeshe, gari likiwa limechomekwa, sehemu ya kuzima na kuwasha SBC, na ya kutoa hewa kwenye breki. Akikujibu "inasoma breki", bado hajakujibu. Kusoma na kuzima ni vitu viwili. Uliza pia masasisho ni bure au ya kulipia.

Kabla ya kusoma, pima betri. Voti zikiwa chini, karibu kila kompyuta italalamika na utabadilisha vifaa vizima. Ukikuta kodi (namba ya hitilafu) C249F, hiyo ni SBC inasema pampu imefikisha ukomo wake wa matumizi. Kufuta kodi hakutoi suluhisho, na usiendelee kulitembeza.

Ukishaipata skana, piga picha orodha yote ya kodi kabla ya kufuta hata moja, uiweke hapa tuipitie.