Mwanangu, anza na jibu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, sisi huku hatujambo. Unauliza kwa nini meneja anakurudishia taarifa ya mauzo ya mwezi na kuandika pembeni "kwa hiyo?", ilhali hesabu zako zote zimelingana. Hesabu hazina neno. Tatizo ni maelezo uliyoyatanguliza.

Umeanza hivi: "Kwa ujumla mauzo ya Machi yalikuwa ya kuridhisha licha ya changamoto mbalimbali." Hapo hajaambiwa kitu. Hizo "changamoto" zimenichosha. Siku hizi zinafunika kila jambo, kuanzia gari kuharibika hadi mtu kuiba. Andika: "Mauzo ya Machi ni Sh milioni 42, yamepungua kwa Sh milioni 6 (asilimia 12.5) kutoka Februari. Milioni 5 kati ya hizo ni za mteja mmoja wa jumla, ambaye ameacha kuagiza baada ya sisi kumcheleweshea mzigo mara mbili. Naomba idhini ya kukodi gari la pili." Kiasi, tofauti, sababu, ombi. Akiishia hapo hapo, ameshajua la kuamua. Na useme "tumechelewesha". Ukiandika "mzigo ulicheleweshwa", atakuuliza na nani.

Mauzo yaandike bila VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kiwango chetu cha kawaida cha asilimia 18, wengi huchukua jumla ya risiti, tuseme Sh milioni 11.8, wakapiga asilimia 18 yake na kupata milioni 2.124. Sivyo, maana kodi ilipigwa kwenye bei kabla haijaongezwa. Gawanya kwa 1.18: mauzo milioni 10, kodi milioni 1.8.

Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ikitoka asilimia 20 ya mauzo kufika 25, usiseme imepanda kwa asilimia 5. Kiwango kimepanda kwa pointi 5 za asilimia (25 kutoa 20), yaani robo nzima ya pale kilipokuwa.

Tena faida usiichanganye na hela iliyoko benki. Mzigo uliokopesha Machi 28 umeshahesabiwa kwenye mauzo, lakini hela bado iko kwa mteja. Sentensi moja yatosha: tunadai kiasi gani, na kiasi gani kimepita siku 30.

Kipimo kiwe kimoja. Jedwali likiwa la maelfu na maelezo ya mamilioni, mtu atapoteza sifuri tatu njiani.

Muhtasari uandike mwisho, uuweke mwanzo. Kisha chapisha, shika kalamu, kila tarakimu ya kwenye maelezo itafute kwenye jedwali na uitie alama. Mara nyingi utakuta moja ya mwezi uliopita imebaki, kwa sababu mtu hunakili faili la zamani na kubadilisha juu juu.

Ya Aprili nitumie kabla hujaipeleka, ila majina ya wateja yafute kwanza.

Mama yako