Takwimu za vifo vya watoto miaka ya ukimwi: nani hakuulizwa?

Dadangu, umeuliza kama unaweza kuandika kwenye tasnifu yako kwamba Kenya ilipoteza watoto 115 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai kabla hawajafika miaka mitano, vile survei ya kitaifa ya afya (KDHS) ya 2003 ilivyosema. Andika, lakini usiiache hivo tu.

Angalia vile hiyo namba inapatikana. Mhoji anaingia boma, anakaa na mama wa miaka 15 hadi 49, anamuuliza umezaa wangapi, wako hai wangapi, huyu aliyefariki alikuwa na miezi mingapi. Sasa boma la pili kuna nyanya na mjukuu, mama mtu alizikwa mwaka juzi na kichanga chake kikamfuata, na hapo hakuna wa kuulizwa, wale wawili hawaingii kwenye fomu kabisa. Na watoto wa mama wenye VVU ndo walikufa zaidi, bila dawa karibu nusu ya walioambukizwa hawakufika miaka miwili. Kwa hivyo namba inatoka chini ya ukweli, na Nyanza ndo kulikuwa na pengo kubwa, inaniuma sana hii.

Ushauri wangu, weka pia makadirio ya UN yaliyorekebishwa kwa VVU, na zile hesabu za survei hiyohiyo kuhusu vifo vya miaka 10 au 15 nyuma zishike kwa uangalifu, maana ukirudi nyuma zaidi ndo akina mama wengi zaidi hawapo. Kule Siaya, hukohuko Nyanza, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) wamefuatilia familia miaka mingi, linganisha na takwimu zao.