Mkanda wa mapigo ya moyo haupakwi mafuta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 34, naishi Ngamiani, na kila Jumamosi naendesha baiskeli ya resi kutoka Tanga mjini hadi Muheza na kurudi. Mkanda wangu wa kifuani wa kupimia mapigo unanitia hofu. Dakika kumi za kwanza, nikiwa bado sijavuka Kange, unaonyesha mapigo 215 hadi 228 na mimi sijaanza hata kuhema. Kisha unashuka wenyewe hadi 138 na kutulia. Wakati wa kurudi, kwenye miteremko, unapanda tena, au namba zinapotea kabisa. Betri nimebadilisha mara tatu ndani ya miezi miwili. Mwenzangu mmoja kanishauri niupake mafuta ya nazi ili umeme upite vizuri. Nimefanya hivyo na hali imezidi. Mwingine kasema hiyo ni presha, kaniuzia chupa ya dawa ya mizizi. Je, ninunue mkanda mpya?

JIBU: Marahaba. Usinunue.

Mafuta ya nazi tena! Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali, mashine za ECG, zile za kupima umeme wa moyo, zikiwemo, na jioni napanda baiskeli kama wewe, kwa hiyo mikanda hii huletwa kwangu na watu wa pande zote mbili. Juzi kijana kaniletea wake umefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikapitisha kidole gumba upande wa ndani, pale penye raba nyeusi mbili zinazogusa ngozi, kidole kikatoka kinang'aa na kinanukia kama wali wa nazi. Na yeye, kama wewe, alikuwa ameshanunua betri.

Sijui nani aliyeanzisha maneno haya kwamba mafuta "yanapitisha umeme". Labda ni kwa kuwa wameona hospitalini mgonjwa anapakwa kitu cha utelezi kabla ya kipimo. Ile ni jeli, ndugu yangu. Ni maji na chumvi vilivyofanywa vizito ili visichuruzike. Mafuta hayapitishi umeme. Transfoma kubwa za umeme hujazwa mafuta ndani, na mojawapo ya sababu ni hiyo hiyo, kuuzuia umeme usiruke mahali usipotakiwa. Wewe umechukua kizuizi ukakipaka pale pale unapotaka njia.

Kama huniamini, fanya nilichomfanyia yule kijana. Nilikata vitambaa viwili, kimoja nikakichovya kwenye maji yenye chumvi kidogo, kingine kwenye mafuta ya nazi. Nikaweka ncha za mita ya umeme kwenye kila kimoja. Cha chumvi, namba zikaja papo hapo. Cha mafuta, mita haikusoma chochote, kama vile ncha zinaning'inia hewani. Akanyamaza muda mrefu kidogo.

Mkanda hausikilizi sauti ya moyo, kama wengi wanavyodhani. Unanusa umeme. Kila moyo unapopiga hutoa umeme ambao ukifika juu ya ngozi ya kifua ni kama milivolti moja hivi. Betri yako ndogo ni volti 3, maana yake unachotafuta pale kifuani ni sehemu moja ya elfu tatu ya betri hiyo. Kitu chembamba namna hiyo hakivumilii tabaka la mafuta, wala ngozi kavu. Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kupima umeme wa moyo, aliwakalisha watu wake mikono miwili na mguu mmoja ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Zaidi ya miaka mia imepita, na hitaji bado ni lile lile: maji na chumvi.

Sasa tazama asubuhi yako. Umeamka alfajiri, umeoga, umejipaka mafuta mwili mzima kama tulivyolelewa, umevaa mkanda, juu yake jezi ya nailoni. Ngozi haina jasho bado. Jezi inapepea na kusuguana na mkanda, inatengeneza cheche za umeme ambazo kile kidude kinachobanwa mbele ya mkanda kinazihesabu kama mapigo. Ndiyo 228 yako hiyo. Ukifika Kange jasho limetoka, chumvi imepatikana, namba inakuwa 138 kwa sababu 138 ndiyo ilikuwa kweli tangu mwanzo. Kwenye mteremko unaacha kukanyaga, upepo unakausha, jezi inapepea tena, umeinama na mkanda umelegea. Basi.

Namba kupotea kabisa ni shauri jingine. Namba ya uongo hutoka kwenye ngozi, namba isiyokuwepo aghalabu hutoka kwenye mawasiliano. Hukuniambia simu unaweka wapi, lakini nabahatisha: mfuko wa nyuma wa jezi. Mawimbi ya Bluetooth na ya ANT+, njia mbili ambazo mkanda hutumia kurusha namba, yote yapo kwenye gigahezi 2.4, na mwili wa mtu umejaa maji, ambayo huyanyonya mawimbi hayo. Unayarusha kutoka kifuani ukitaka yapenye hadi mgongoni. Hamishia simu kwenye usukani.

Matibabu ya mkanda wako ni haya. Bandua kidude cha mbele. Osha mkanda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, maana hiyo ndiyo inayokata mafuta, ukisugua zile raba kwa vidole. Suuza, rudia mara ya pili, anika kivulini. Usitie jiki wala dawa ya kulainisha nguo, na usipige pasi. Vile vifungo vya chuma vya kubonyeza vikiwa na kutu ya kijani, futa kwa pamba na spiriti. Asubuhi ya safari usipake mafuta sehemu inayokaa mkanda. Lowesha raba zote mbili kwa maji, ukitaka tia chembe za chumvi, na ukisahau nyumbani, mate yanatosha. Kaza mpaka usiteleze ukivuta pumzi ndefu.

Kuhusu betri tatu, hapo nina neno na mafundi wa mezani. Hata kwa anayeendesha kila siku, betri nzuri ya mkanda hukaa miezi mingi. Huenda yako haikuisha. Uliuziwa. Au, ukirudi nyumbani, unautundika mkanda ukiwa umelowa jasho na kidude bado kimebanwa, nacho kinadhani kiko kifuani na kinafanya kazi usiku kucha. Angalia pia maandishi juu ya betri: ikitakiwa CR2032 ukawekewa CR2025, kipenyo ni kile kile cha milimita 20 lakini unene umepungua kutoka milimita 3.2 hadi 2.5, kwa hiyo inachezacheza ndani na kukatika kila ukipita kwenye tuta. Na kile kipete cha raba kinachozuia maji, fundi akikipoteza asikwambie si muhimu.

Nije kwenye hiyo chupa. Mkanda haupimi presha. Presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa, inapimwa kwa mashine ya kufunga mkononi. Mkanda unahesabu mapigo tu, na wako ulikuwa hauhesabu hata hayo. Aliyekuuzia dawa alisoma kosa la mafuta ya nazi akaliita ugonjwa. Tena angekwambia unywe kijiko ukitoka nyumbani, ukifika Kange namba imeshuka, naye angejisifu kwa watu kwamba kakuponya.

Vidole viwili vinamshinda yeye na mimi pia. Ukiona namba ya kutisha, simama pembeni ya barabara, weka vidole kando ya koo, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kwa 138 utahesabu 34 au 35. Kwa 220 ungehesabu 55, mbio ambazo huwezi kuzikosea. Na ile hesabu ya kukisia mapigo ya juu kabisa, 220 toa umri, ambayo kwako inatoa 186, ni kadirio tu: watu wa umri mmoja hupishana kwa mapigo 10 au 12 huku na huku bila ubaya wowote.

Lakini vidole vikikubaliana na mkanda, yaani moyo unakwenda 200 kweli na wewe unaendesha taratibu, au unapiga mbio ukiwa umekaa, au kifua kinauma, au kichwa kinazunguka, usijitulize kwa kusema "ni mkanda tu". Nina rafiki wawili waliokuwa wakisema hivyo, mmoja wao sasa anatembea na kadi ya kliniki. Nenda hospitali ya Bombo ukapimwe ECG ya nyaya kumi ukiwa umelala. Mkanda una sehemu mbili za kugusa, hauwezi kukwambia mapigo yana kasoro gani.

Halafu hizo betri tatu ulizotoa, ziko wapi? Kama ziko kwenye kisahani juu ya meza na nyumbani kuna mtoto anayetambaa, inuka uzitoe sasa. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili, hata ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kuwasha mkanda wako. Mtoto akimeza ni hospitali moja kwa moja, bila kumtapisha na bila kusubiri itoke.