Ndoano ya kilo 1,400 haimaanishi mzigo wa kilo 1,400

Umeuliza kwa nini H125, helikopta ndogo ya Airbus, yenye ndoano ya kilo 1,400 ilishindwa kunyanyua kilo 1,200. Hiyo 1,400 ni uimara wa ndoano tu. Piga hesabu: ikining'iniza mzigo, uzito wote usizidi kilo 2,800. Toa helikopta tupu, kama 1,250, rubani 80, tanki lililojaa 430. Zinabaki 1,040, na kamba bado hujaitoa! Punguza mafuta kwanza. Halafu joto: uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu futi 5,500, kukiwa nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ya futi 8,400, na nguvu ya kunyanyua hupungua. Tafadhali soma jedwali la kuelea mbali na ardhi, kwani kwenye kamba ndefu ile hewa inayobanwa kati ya mapanga yanayozunguka na ardhi, ikisaidia kuinua helikopta, haipo.